Bibi Aliyetaka Kuandikwa

Mimi ni mdadisi. Wapo wanaodhani najisifu kwa umbea nikisema hivyo, kumbe ni jina la kazi. Serikali inapofanya utafiti wa taifa, watu kama mimi tunachukuliwa kwa mkataba mfupi, tunafundishwa dodoso, tunapewa kishikwambi na fulana, halafu tunatumwa vijijini kuwauliza watu mambo ambayo hata ndugu zao wa tumbo moja hawathubutu kuwauliza. Nimeuliza habari za vyandarua, vyoo, mimba na vifo. Nimefukuzwa na mbwa na kukaribishwa chakula katika nyumba hiyohiyo, siku hiyohiyo. Kwa miaka mingi niliipenda kazi hii kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kufanya. Ninayoyaandika hapa ndiyo yaliyonipunguzia mapenzi.

Mafunzo ya utafiti ule wa afya yalifanyika Korogwe mjini, kwenye ukumbi usio mbali na stendi. Mimi naishi Kwamndolwa, kwa hiyo nilikuwa nakwenda asubuhi kwa bodaboda na kurudi jioni kwa miguu, nikikariri maswali njiani kama mtoto wa madrasa. Siku moja mchana, tumeshiba wali na maharage na macho yanafumba yenyewe, mkufunzi akatufungulia sehemu mpya ya dodoso: tiba zinazofanyika nje ya hospitali. Mojawapo ilikuwa kuchuliwa. Nchi, alisema, inataka kujua ni watu wangapi wanaotibiwa kwa mikono, ili wanaopanga mambo ya afya wajue wanampangia nani. Swali lilisomeka hivi: "Katika miezi kumi na miwili iliyopita, je, umewahi kupata huduma ya kuchuliwa au kukandwa mwili kutoka kwa mtu mwenye ujuzi wa tiba hiyo?" Moja ni Ndiyo. Mbili ni Hapana.

Ukumbi ukaamka. Vijana wa viti vya nyuma walianza kutaja masaji za Dar na kupigana vikumbo, mpaka mkufunzi akagonga meza. Mimi sikucheka. Nilinyoosha mkono nikauliza: huko kijijini, ambako mchuaji ni bibi wa jirani, hana bango wala chumba, na anayechuliwa wala hajui kwamba amepata huduma, tunaandika nini? Mkufunzi alikuwa mtu mpole. Akanijibu kwamba mdadisi hafafanui. Swali linasomwa kama lilivyoandikwa. Mtu asipoelewa, linarudiwa taratibu. Asipoelewa tena, linarudiwa taratibu zaidi. Nilitaka kubishana, maana hasira zangu huwa ziko karibu, lakini kazi pia nilikuwa naitaka. Nikakaa.

Kundi letu lilipangiwa Handeni. Tulikuwa wadadisi watatu na msimamizi mmoja, kijana kutoka Dar, mwenye adabu, ambaye alinywa maji ya chupa tu na kuvaa viatu vyeupe kwenye udongo mwekundu bila kujuta. Tulilala gesti Handeni mjini, na kila asubuhi gari lilituchukua hadi kwenye vijiji vilivyochaguliwa. Wiki ya pili tukaingia kijiji kimoja katika kata ya Kwaluguru. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani na watu wengi walikuwa nyumbani, jambo ambalo kwa mdadisi ni neema. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee aliyesukuma baiskeli yake kila mahali bila kuipanda, ndiye aliyetuongoza nyumba kwa nyumba.

Kaya yangu ya kwanza ilikuwa ya mama kijana aliyejifungua siku chache kabla. Alikuwa amekaa kwenye jamvi, tumbo limefungwa kanga barabara, na chumba kizima kinanuka mafuta ya nyonyo. Ngozi ya mikono yake ilikuwa inang'aa kwa mafuta hayo. Pembeni palikuwa na sufuria ya maji yaliyokuwa bado yanafuka mvuke, na kitambaa kimekamuliwa na kuanikwa kwenye ukingo wake. Nikamsomea swali. Akaniangalia usoni bila kupepesa, akasema, "Hapana."

"Nirudie swali?"

"Nimelisikia, dada. Hapana."

Nikabonyeza mbili. Kishikwambi hakina ubishi. Ukibonyeza mbili kinaruka maswali yote yanayofuata juu ya kuchuliwa na kukupeleka kwenye uvutaji wa sigara. Nikamuuliza mama mwenye mtoto wa siku nne kama anavuta sigara.

Kaya ya pili, hapana. Ya tatu ilikuwa ya mzee wa makamo tuliyemkuta amelala kifudifudi chini ya mwarobaini, mgongo wazi, umepakwa mafuta kuanzia shingoni hadi kiunoni. Alijikokota akakaa, akavaa shati juu ya mafuta, shati likaganda mwilini. Tukafika kwenye swali. "Kuchuliwa? Mimi?" akasema. "Hapana, mwalimu. Hapa nilikuwa naota jua." Tulikuwa kivulini. Mwenyekiti alitazama baiskeli yake. Nikabonyeza mbili. Siku hiyo nilimaliza kaya tano, na zote tano zilisema hapana, na tatu kati ya hizo zilinuka nyonyo.

Wakati tunarudi kwenye gari nilikuwa natembea nimeinama upande mmoja. Bega langu la kulia lilikuwa linaniuma toka tuanze kazi. Begi zito na barabara za mashimo. Tukapita nje ya nyumba moja ndogo ya udongo, uwanja umefagiliwa hadi mistari ya ufagio inaonekana, na bibi mmoja mfupi, mweusi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake, akaniita.

"Wewe mwanangu, hilo bega umembebea nani?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Njoo hapa."

Nilimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akasema anakwenda kuangalia kama gari limefika, akasukuma baiskeli yake haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Bibi akanikalisha jamvini, akatia mafuta kwenye kifuniko cha sufuria, akayapasha kidogo juu ya makaa. "Mimi nimekatazwa kugusa watu wa kijiji hiki," akasema huku akisugua viganja. "Wewe siyo wa kijiji hiki. Wewe hukukatazwa." Akaanza.

Siwezi kueleza vizuri alichokifanya. Vidole gumba vyake vilipita chini ya bega, vikatafuta, vikasimama mahali fulani, na hapo akatulia tu kama anayesikiliza, kisha akaminya. Nilipiga kelele. Akacheka. Akaminya tena. Machozi yalinitoka, na sikujua kama ni ya maumivu au ya raha. Alipomaliza nilinyanyua mkono juu kabisa kwa mara ya kwanza ndani ya wiki mbili. Nikafungua mdomo kushukuru, akanipiga kofi dogo mgongoni. Kwao mchuaji hashukuriwi. Ukishukuru, maumivu yanarudi. Mtu anachuliwa, anainuka, anaenda zake kimya, na kesho hasimulii.

Ndipo akaniambia habari zake. Yeye amechua tangu ujana wake, alifundishwa na mama yake mzazi. Masika iliyopita alikuja mama mjamzito, tumbo linamsumbua. Bibi alimgusa, akahisi mimba imekaa vibaya, akamwambia hili siyo la mikono yangu, wahi zahanati. Yule mama alikawia nyumbani siku mbili. Mimba ikatoka. Watu wa zahanati walipouliza nani alimgusa, jibu lilikuwa moja tu, na ilikuwa kweli. Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Bibi akasimamishwa mbele za watu aliowapokea wakati wa kuzaliwa, akaambiwa asimguse mtu tena mpaka atakapotambuliwa na serikali. Nani wa kumtambua, na wapi, hakuambiwa.

"Mtendaji wa kijiji siyo mtu mbaya," alisema. "Alinifuata baadaye akaniambia, bibi, tulia. Kuna watu wanakuja kutoka serikalini kuuliza habari za kuchuliwa. Ikionekana watu wengi wanachuliwa, ninyi mtaitwa, mtafundishwa kidogo, mtapewa karatasi. Nimewasubiri ninyi tangu siku hiyo." Akanisogelea. "Leo umeingia nyumba ngapi?"

"Tano, bibi."

"Wangapi wamesema?"

Siku ya kwanza kabisa ya mafunzo tunasaini kiapo: jibu la mtu ni siri, halisemwi kwa mumewe, kwa jirani wala kwa mwenyekiti. Nikamwambia, "Bibi, hayo ni siri, siruhusiwi."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Siri? Watu hawa nawajua matumbo yao na migongo yao, nawajua wakiwa uchi. Siri gani tena imebaki?" Lakini hakunishikilia. Alinisindikiza hadi njiani akiwa na furaha, na nilijua anaonaje mambo: tano kwa tano, wote wamesema ndiyo.

Siku iliyofuata ikawa vilevile. Hapana, hapana, hapana. Wengine walisema kabla sijamaliza kusoma swali, jambo lililonionyesha kwamba swali limenitangulia. Kwenye kaya ya mwisho ya asubuhi nilimkuta mama wa umri wangu anapepeta ufuta uani. Akajibu hapana yake, tukamaliza dodoso zima, nikazima kishikwambi. Nilipokuwa nafunga begi akasema kwa sauti ya chini, "Dada, usituone waongo."

Nikakaa tena.

Aliniambia kwamba mwenyekiti alipotangaza ujio wetu, wanawake walikutana kisimani na wakakubaliana. Mkutano ule wa masika uliwauma. Bibi yule amewachua wote, na mama zao, na wengi bado wanakwenda kwake kwa mlango wa nyuma. Sasa wanakuja watu wa serikali na kishikwambi, wanauliza nani amechuliwa. "Sisi siyo wajinga," alisema. "Leo tuseme ndiyo, kesho mtauliza na nani. Kesho kutwa gari linakuja kumchukua. Tukasema tumfunike. Hapana, mpaka mtu wa mwisho. Hata waume zetu tumewaambia."

Nikamwambia, "Mama, majibu haya ni siri. Jina la mtu halimo humu."

"Hata kule zahanati walisema ni siri," akajibu, akaendelea kupepeta.

Nilitaka kumshika mabega nimtikise. Nilitaka kumwambia kwamba bibi mwenyewe, mnayemfunika, amekaa pale uwanjani anawahesabu ninyi kwa vidole, na anachokitaka ni kimoja tu, mseme ndiyo. Sikusema. Mdadisi hamwelekezi mtu jibu. Hilo ni kosa la kufukuzwa kazi, na hata kama lisingekuwa la kufukuzwa, ningempa ahadi gani? Je, kama wanawake wale ndio waliokuwa sahihi? Nilichojua mimi ni maneno ya mkufunzi kwamba wapangaji watapanga. Sikuwahi kumwona mpangaji hata mmoja. Niliuliza tu, kwa unyonge, "Nikuulize tena lile swali?"

"Uliza," akasema. "Jibu ni hapana. Andika hapana, dada."

Mchana nilimweleza msimamizi, tumekaa kwenye gari, milango wazi, yeye anakula biskuti. Alisikiliza vizuri, nampa haki yake. Alisema inasikitisha sana. Alisema jibu la mhojiwa ndilo jibu. Kisha akanionyesha, mwishoni mwa dodoso, kisanduku cha maoni ya mdadisi. "Andika humo, dada. Watu wa makao makuu wanasoma." Nikaandika. Nilianza na mkutano wa kijiji, nikaenda kwenye mimba iliyotoka, na kabla sijafika kwa bibi kisanduku kikajaa na kukataa herufi nyingine. Nikafuta, nikafupisha. Kikajaa tena. Mwishowe kilichobaki kilisema: "Wanachuliwa ila hawasemi." Nilipoisoma niliona ni sentensi ya mtu aliyechoka tu.

Jioni ile nilifanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nimekaa kitandani gesti, kishikwambi mapajani, nikafungua dodoso la yule mama mwenye mtoto wa siku nne. Lilikuwa bado halijatumwa. Nikaenda kwenye swali lile, nikabadilisha mbili kuwa moja. Mara kishikwambi kikafungua maswali yaliyokuwa yamejificha nyuma ya ndiyo. Ni mara ngapi? Kwa tatizo gani? Nani alikuhudumia? Je, mtoa huduma huyo amesajiliwa? Ndiyo, hapana, sijui. Nilikaa nikilitazama lile la kusajiliwa. Ningebonyeza hapana, ningekuwa nimeandika kwa mkono wangu kile ambacho wanawake wa kisimani walikiogopa. Ningebonyeza ndiyo, ningekuwa mwongo mtupu. Nikarudisha mbili. Maswali yakajifunga. Nikajiona mtu asiye na faida kwa upande wowote, na nilikasirika, nikamgombeza dada wa mapokezi kwa ajili ya taulo ambalo halikuwa na kosa.

Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho kijijini hapo. Zilikuwa zimebaki kaya chache, na orodha ya kwenye kishikwambi ndiyo inayoamua, siyo sisi. Asubuhi nikaifungua. Kaya yangu ya kwanza: mkuu wa kaya mwanamke, anaishi peke yake. Mwenyekiti akaniambia ni nani kabla sijauliza. Nilimwomba mwenzangu tubadilishane. Yeye ni mwanamume, na sehemu ya afya ya wanawake huulizwa na mwanamke. Nikamwomba mdadisi mwingine, dada mwenzangu. Alikuwa ameshaondoka kwenda upande wa pili wa bonde. Nikaenda.

Bibi alikuwa amejiandaa. Alivaa kanga mpya za doti, mikunjo ya dukani bado inaonekana, na kichwani amejifunga kitambaa cheupe. Ametoa kiti, ameweka kigoda chake mbele ya kiti, karibu, magoti yetu yakagusana. Aliniuliza habari za bega. Nikasema linaendelea vizuri. Akatikisa kichwa kama fundi aliyeambiwa mlango unafunga.

Tukaanza. Umri hakuujua, tukaupata kwa kuhesabu kuanzia mwaka wa njaa kubwa aliyoikumbuka. Maji, kisimani. Choo, cha shimo. Chandarua, kipo. Kila swali alilijibu kwa haraka, akiliondoa njiani, macho yake kwenye kidole changu. Alikuwa anasubiri la kwake. Na mimi nilikuwa najua kwamba la kwake halimo. Dodoso lile linamuuliza aliyechuliwa. Halimuulizi anayechua. Hakuna mahali popote, katika kurasa zile zote, ambapo mtu anaweza kusema mimi ndiye ninayefanya. Nilikuwa nimekariri maswali yote njiani Kwamndolwa na jambo hilo sikuwa nimeliona.

Tukafika. Nikasoma kama lilivyoandikwa. "Katika miezi kumi na miwili iliyopita, je, umewahi kupata huduma ya kuchuliwa au kukandwa mwili kutoka kwa mtu mwenye ujuzi wa tiba hiyo?"

Alikunja uso. "Mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Nani wa kunichua mimi?" Akaiangalia mikono yake, ile mikono mikubwa, imeanza kujikunja kwenye viungo. "Mama yangu alikuwa ananichua. Alishakufa siku nyingi. Hapana. Andika hapana."

Nikabonyeza mbili. Kishikwambi kikaruka kwenye sigara.

Alijibu la sigara, la pombe, la shinikizo la damu. Tukafika mwisho. Nikamwambia tumemaliza. Alibaki amekaa. "Lile la kazi yangu bado?" akauliza.

"Halipo, bibi."

"Halipo kwangu," akasema taratibu, akilipanga mwenyewe. "Eeh. Ni sawa. Mimi siwezi kujisifia mwenyewe. Litakuwa kwa wale ninaowachua." Akaniwekea mkono gotini. Ulikuwa wa moto. "Nakuuliza mara moja tu, mwanangu, na sitakuuliza tena. Wamesema?"

Nimewahi kuulizwa maswali magumu katika kazi hii. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kama mwanawe aliyekufa nimwandike au nisimwandike. Lakini lile la bibi ndilo lililonishinda. Kweli ingevunja kiapo, na ingemvunja na yeye; ningemwacha pale na kijiji kizima kilichomkana, na asingeweza kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza kwa nini. Kunyamaza kungekuwa jibu. Basi nikasema, "Wamesema, bibi."

"Wengi?"

"Wengi."

Hakuruka wala hakupiga vigelegele. Aliondoa mkono wake gotini kwangu, akajifuta macho kwa ncha ya kanga mpya, akaenda ndani akaniletea machungwa manne.

Nilirudi Korogwe, mkataba ukaisha, maisha yakaendelea. Nilikuwa namkumbuka bibi, nisidanganye, lakini nilimkumbuka kwa namna ya kujifariji. Nilijiambia kwamba neno langu halikumdhuru mtu, kwamba kikongwe amelala usiku mmoja na moyo mweupe, na hiyo pekee ni kitu. Bega lilianza kuuma tena, nikanunua dawa ya kupaka dukani.

Kama miezi miwili hivi baadaye, asubuhi ya siku ya kazi, nilikuwa sokoni nachagua nyanya simu ikaita. Ilikuwa namba ya mwenyekiti wa kitongoji. Nilikuwa nimempa yangu wakati wa kazi, kwa ajili ya kuulizana njia. Alinisalimia kwa haraka, akashusha sauti. Akaniambia kwamba asubuhi ile, siku ya kliniki ya wajawazito, bibi alivaa kanga zake mpya, akachukua chupa ya mafuta, akaenda hadi zahanati, akakaa kwenye benchi pamoja na wajawazito. Muuguzi alipomuuliza amefuata nini, akasema amekuja kuanza kazi. Serikali imeshamwandika. Wanawake wenyewe wamesema, na wengi.

Muuguzi akamwita mtendaji. Mtendaji akaja, akawageukia wanawake waliokuwa kwenye benchi, mmoja mmoja, bibi akiwa amekaa katikati yao. Mliwaambia watu wa utafiti kwamba mnachuliwa na bibi huyu? Mwenyekiti akasema walimwangalia bibi, wakaangaliana wao kwa wao, na wakafikiri kwamba siku waliyoiogopa ndiyo hii imefika. Wakasema hapana. Wote. Yule mama wa ufuta alikuwa wa kwanza.

"Sasa tuko ofisi ya kijiji," mwenyekiti akasema. "Wanasema bibi amechanganyikiwa. Mtendaji anataka kumwandikia barua, akikamatwa tena anamgusa mtu apelekwe polisi. Bibi anasema wewe shahidi wake. Nampa simu."

Nikasikia simu inapita mikononi mwa watu. Nikasikia sauti ya mwanamume, nadhani ndiye mtendaji, ikisema weka spika tumsikie wote. Muuza nyanya alikuwa ameninyooshea mfuko, nikaushika bila kujua.

"Mwanangu," bibi akasema. Sauti yake haikuwa na woga wowote. "Hawa wananiambia naota. Hebu waambie wewe. Si wewe uliandika? Si uliniambia wamesema?"

Nikiitika ndiyo, nimedanganya mbele ya ofisi nzima, na nimewageuza wale wanawake kuwa waongo na kumfichua yule waliyemficha. Nikisema hapana, nimemmaliza kwa mdomo wangu, naye ananisikiliza. Nilitafuta njia ya tatu. Nilisimama pale sokoni, mfuko wa nyanya mkononi, nikaitafuta kwa kweli. Nikasema, "Haloo? Haloo, bibi? Sikusikii."

Nilikuwa namsikia vizuri kabisa. Nilisikia hata kuku wa pale ofisini. Akarudia maneno yaleyale mara ya pili, na mara ya tatu, kila mara akipandisha sauti zaidi, akidhani ni mtandao, na kila mara mimi nikasema haloo.